Karani Kapewa Shikamoo

Haya wadau, nipo. Najua ukurasa huu umekaa kimya tangu wiki ya tisa ya muhula, na wale mnaonipigia kelele kantini "we vipi, mbona huandiki" nawashukuru, angalau najua mpo watatu. Sikupotea bure. Nilikuwa namhangaikia Karani.

Kwa wasiosoma darasa letu: Karani ni roboti wa Telegram. Sisemi boti, maana nikisema boti shangazi yangu atadhani nimepata kazi kwenye zile za kwenda Unguja. Ni programu ndogo inayokaa ndani ya Telegram kama rafiki yako mwingine yeyote. Unaiandikia "leo pindi la kwanza wapi", inakujibu ukumbi na saa. Basi, haina lingine inalojua. Leo nawasimulia jinsi ilivyoungwa, maana wengi mmeniuliza mkidhani ni uchawi, na pia kuna jambo lilitokea usiku mmoja ambalo mpaka sasa sijalimaliza kichwani. Ni refu kidogo. Kama una pindi saa nne nenda kasome kwanza, nitakuwa hapa hapa.

Chanzo ni CR wetu. Darasa lina watu 180 na ushee, na simu ya yule kijana wa watu ilikuwa hailali. Ratiba yenyewe ipo, tatizo ni mabadiliko: mhadhiri kasafiri, ukumbi una usaili, pindi la Jumanne limehamia Ijumaa jioni. Kila badiliko anaandika kwenye grupu la WhatsApp, na nusu saa baadaye limeshazikwa chini ya vikatuni vya kucheka, ubishi wa Simba na Yanga na mtu anayeuza viatu. Hapo sasa watu wanamfuata pembeni mmoja mmoja. Jumapili moja alinionyesha simu yake: swali lilelile, mara 41, kuanzia magharibi mpaka saa sita usiku. Alikuwa anajibu wote, jamani. Wenzake tuko kwenye madesa ya testi, yeye anajibu. Akaniambia, "Dada'angu, wewe si unasomea hayo makompyuta? Hebu nitengenezee kitu kabla sijadisko."

Kwanza kwa nini Telegram na si WhatsApp ambako watu wote wapo? Hela na usumbufu. WhatsApp nayo ina mlango wa roboti, ila umejengwa kwa ajili ya biashara. Unafungua akaunti ya biashara kwa Meta, unatenga namba, na mteja akishakuandikia una saa 24 za kumjibu unavyotaka. Zikipita huruhusiwi kumwandikia ila kwa kiolezo ambacho wao wamekikubali kabla. Kwa benki sawa. Kwa CR anayekopa vocha, hapana. Telegram walifungua mlango wao wa roboti Juni 2015 na kuutumia ni bure. Halafu darasa zima liko huko tayari kwa sababu ya madesa na muvi, tusidanganyane.

Kumsajili ni rahisi mno. Unamtafuta jamaa anaitwa BotFather, naye ni roboti, ndiye baba yao wote. Unamwandikia /newbot. Anakuuliza jina la kuonekana, kisha jina la kutafutwa, ambalo lazima liishie na "bot". Ukimaliza anakupa tokeni: tarakimu kadhaa, nukta mbili, halafu mkorogo mrefu wa herufi. Hiyo tokeni ndiyo kila kitu. Mwenye nayo ndiye Karani, anasoma anayoandikiwa Karani na anajibu kwa jina la Karani. Usiibandike kwenye grupu, usimtumie mtu picha ya skrini ili kujidai, usiiache ndani ya programu unayoiweka hadharani. Ikivuja unarudi kwa baba yao, unaandika /revoke, anakupa mpya na ile ya zamani inakufa.

Baada ya hapo kuna njia mbili za kupokea ujumbe, na hapa ndipo wengi huwa wanaachia njiani. Nitaeleza kwa posta. Njia ya kwanza, inaitwa getUpdates, ni ya sanduku la barua: programu yako inakwenda yenyewe dirishani kuuliza "kuna zangu?" Kama hakuna, inaweza kuomba kusubiri pale pale sekunde kadhaa badala ya kwenda na kurudi kama kichaa. Kila barua ina namba. Safari inayofuata unataja namba moja zaidi ya ile ya mwisho uliyopokea, na hiyo ndiyo saini yako kwamba zilizotangulia umezichukua. Usiposaini utapewa barua zilezile mpaka ukome. Njia ya pili ni webhuku, yaani tarishi: unawapa Telegram anwani, kila barua ikiingia wanakuletea mlangoni. Inapendeza zaidi, lakini anwani yenyewe lazima iwe ya HTTPS inayofikika kutoka nje, kwenye mlango namba 443, 80, 88 au 8443. Sasa kompyuta iliyo juu ya kitanda cha deka hosteli, nyuma ya waifai ya chuo, itaitoa wapi anwani hiyo?

Tukaanza na sanduku. Umeme ukikatika hakiharibiki kitu, Telegram wanakutunzia ambazo hujazichukua, ila si zaidi ya saa 24. Ukumbuke tu kwamba njia mbili haziendi pamoja, ukishaweka tarishi dirisha linafungwa. Wala programu mbili haziwezi kusimama dirisha moja. Hilo tumelishuhudia: rumeti wangu alinakili kila kitu kwenye kompyuta yake, "najaribu tu shosti", akawasha bila kuniambia. Telegram wakaanza kurudisha kosa namba 409, mgongano, na Karani akawa anajibu nusu ya watu. Nilizunguka saa nzima mpaka nikasikia feni ya kompyuta yake inalia chini ya mto.

Baadaye CR alipitisha mchango wa shilingi 500 kila mtu, tukakodi seva ndogo, tukahamia kwa tarishi. Ukifika huko weka na neno la siri: Telegram wanalipachika juu ya kila ujumbe wanaoleta, ukiona umekuja usio nalo jua huyo tarishi ni feki. Ratiba yenyewe ipo kwenye jedwali la Google ambalo CR analibadilisha kwa simu yake, Karani analisoma kila baada ya dakika tano. CR hajui kuprogramu na hana haja ya kujua. Alitaka pia Karani awatumie watu wote ujumbe wa kukumbusha michango, nikamwambia haiwezekani, roboti haruhusiwi kuanza kumwandikia mtu ambaye hajabonyeza Start. Alinuna. Na wale mliosema Karani anasikiliza umbea wa grupu la darasa: kwenye grupu roboti anaona amri na ujumbe unaomwelekea yeye tu, ndivyo Telegram walivyoliweka tangu mwanzo, na mimi sijaligusa. Umbea wenu uko salama.

Yote hayo yalikuwa ya Jumamosi moja na usiku wake. Kilichotula wiki tatu ni Kiswahili.

Mifano yote iliyoko mtandaoni inadhani mtu anaanza na swali. Nani hapa anaanza na swali? Ujumbe wa kwanza kabisa Karani kupata kutoka kwa mtu asiye mimi ulikuwa "Mambo". Bado alikuwa hajafundishwa salamu, akakaa kimya. Dakika mbili baadaye: "Vp upo?" Kimya. Halafu: "Poa bana." Mtu kashanuna! Ndivyo tulivyo. Tunasalimia, tunasubiri tuitikiwe, tunasema "samahani naomba kuuliza", tunasubiri tuambiwe "uliza tu", ndipo swali linatoka. Ujumbe wa tatu au wa nne. Kwa hiyo Karani ikabidi ajue kuitika "poa" kwa mambo, "salama" kwa habari, na aseme "uliza tu" mtu anapoomba kuuliza, na kati ya hapo akumbuke anaongea na nani na wamefikia wapi.

Tahajia ndiyo usiseme. Vp, mamboz, xaxa, cjui, kexho, 2nacoma. Nilitengeneza orodha, kila usiku inaongezeka. Kukanusha nako kuna mtego wake. Ukitafuta neno "ahirishwa" ndani ya sentensi utalipata kwenye "kimeahirishwa?" na utalipata kwenye "hakijaahirishwa?", na pia kwenye "kisingeahirishwa ningelala", ambayo si swali, ni kilio. Kiingereza kinaweka "not" pembeni unaiona. Sisi kukanusha tumekuficha ndani ya kitenzi mwanzoni kabisa, kwa hiyo Karani ikabidi afundishwe kutazama kichwa cha neno kabla ya mkia.

Na saa! Ratiba ya chuo imeandikwa 08:00. Mwanafunzi anauliza "pindi la saa 2". Jumlisha sita, rahisi. Ila yupo mwingine akiandika "saa 2" anamaanisha saa nane mchana kwa sababu kaangalia simu yake ikamwambia 2:00 PM. Tukaamua Karani ajibu kwa maneno kila mara, "saa mbili asubuhi", "saa nane mchana", asimwachie mtu tarakimu peke yake. Halafu "kesho". Mtu anaandika saa saba usiku, "kesho kuna pindi?" Kwa kompyuta siku imeshageuka saa sita, kesho ni ile ya mbele. Kwa mwanafunzi ambaye hajalala, kesho ni asubuhi hii inayokuja, na yeye ndiye mwenye haki. Kwa hiyo kwa Karani siku haigeuki mpaka saa kumi na moja alfajiri, na hata hapo anataja jina la siku: "Jumatano asubuhi". Hicho kipengele nakipenda kuliko vyote, sijui kwa nini.

Siku ya nne akaja mtoto wa mwaka wa kwanza, kapewa jina la Karani na ndugu yake. Akaandika: "Shikamoo Karani."

Tulikaa kikao, sitanii. CR akasema ajibu marahaba, mtoto kalelewa vizuri huyo. Mimi nikasema marahaba si neno la kuitikia tu kama poa. Ukimpa mtu shikamoo umekubali ni mkubwa wako, akikwambia jambo hutambishia, na kuna mengine utamwambia usiyomwambia rika lako. Huyu Karani ana wiki moja duniani na anachokijua ni jedwali. Rumeti akaingilia kutoka juu ya deka: "Na ukikataa shikamoo ya mtu umemwaibisha, sasa utamwambiaje?" Hapo alinibana. Mwishowe tukaandika: "Asante kwa heshima. Mimi ni programu, si mtu. Uliza ratiba au ukumbi." CR akasema imekaa kama tangazo la serikali ya mtaa. Wanafunzi wenyewe waliisoma, wakacheka, na kesho yake wakampa shikamoo tena.

Kuna kitu kingine nilikigundua nikiandika majibu hayo. Lugha yetu hainipi pa kusimama katikati. Ama nasema Karani amejibu, ama nasema imejibu. Nikisema "programu imejibu" watu wanaona naringa. Nikisema "Karani amejibu" nimeshampa roho. Hata hapa nimeanza na "inakujibu" pale juu, na sasa mnaona mwenyewe nimeteleza mpaka "akumbuke" na "afundishwe", na siwezi kurudi bila sentensi kuwa na sura ya kanusho la dawa. Nimeacha hivyo.

Sasa ule usiku. Kitu Karani asichokielewa hakikuwa kinapotea, kilikuwa kinapelekwa kwenye grupu dogo la watu wawili, mimi na CR, ili tuone watu wanauliza nini tumfundishe. Hilo limeandikwa kwenye ujumbe wa kwanza kabisa ukibonyeza Start, kwa Kiswahili, mstari wa pili. Lakini nani anasoma ule ujumbe? Nani aliwahi kusoma masharti ya laini ya simu?

Usiku wa kuamkia Alhamisi, kama saa nane na dakika ishirini, simu yangu ikatetemeka chini ya mto. Maneno yake siyaweki. Amenipa ruhusa nieleze, ameisoma hii kabla yenu na akaniomba niondoe mistari miwili, nimeiondoa. Kwa kifupi, alianza na salamu, Karani akaitika. Akauliza kama kesho kuna pindi, Karani akamjibu Alhamisi asubuhi, saa mbili, na ukumbi. Hakuondoka. Akaandika kwamba hata hivyo haendi. Kwamba ana sapu mbili, mkopo haujaingia, nyumbani wanajua anaendelea vizuri. Kwamba amechoka, na si kuchoka kwa kusoma. Ujumbe saba mfupi mfupi, na chini ya kila mmoja Karani akajibu alichoandikiwa ajibu: "Hilo silijui. Nimelipeleka kwa CR." Mara saba. Naye akaendelea.

CR alikuwa amelala, na ana haki ya kulala. Mimi nilikaa kitandani na simu mkononi. Ningeweza kuandika kupitia kwa Karani mwenyewe, ni amri moja tu, yeye angeona Karani kaanza kuongea vizuri. Hilo nilikataa kabla hata halijamaliza kuja kichwani. Roboti haoni namba ya simu ya mtu mpaka mwenyewe aitoe, anaona jina na lile jina la mtumiaji kama unalo. Yeye alikuwa nalo. Nikaenda kwenye akaunti yangu nikamwandikia kwa jina langu, kwamba mimi ndiye niliyemtengeneza Karani, ujumbe wake umenifikia mimi na CR, niko macho, nije au nipige?

Zikaja tiki mbili. Kasoma. Dakika kumi na moja hakuna kitu.

"Kumbe mnasoma."

Halafu nyingine nne, nilizihesabu.

"Njoo."

Nikajifunga kanga nikapanda ghorofa mbili. Tuliyoongea si ya blogu. Tuliongea mpaka adhana ya alfajiri, asubuhi tukaenda wote ofisi ya mshauri wa wanafunzi, nikakaa nje kwenye benchi. Yupo, anasoma, sapu moja kaitoa. Wiki kadhaa baadaye nilimuuliza ilikuwaje akaendelea kumwandikia kitu kinachomjibu "silijui" mara saba. Akafikiri, akasema, "Alikuwa anaitika."

Kuna mzee mmoja tulimsoma mwaka wa pili, Joseph Weizenbaum. Alizaliwa Berlin 1923, familia yao wakakimbilia Marekani 1936, akaja kufundisha MIT. Mwaka 1966 akachapisha maelezo ya programu yake ELIZA, yenye sehemu ya kuigiza daktari wa nafsi. Haikuwa na akili yoyote, ilikuwa inakamata maneno yako na kukurudishia kama swali. Ukisema unamwaza mama yako, inakuomba uiambie zaidi kuhusu familia. Katibu wake, ambaye kwa miezi alimwona akiitengeneza na alijua fika ni programu, alianza kuandikiana nayo, na baada ya mistari michache tu akamwomba bosi wake atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka, na mwaka 1976 akatoa kitabu kizima akisema kuna kazi ambazo kompyuta isipewe hata kama inaweza kuzifanya. Darasani tulicheka kile kisa. Sisi tulikuwa tunacheka wazungu wa zamani. Na ELIZA angalau alikuwa anauliza maswali! Karani alikuwa anasema "silijui".

Nilipomsimulia rumeti (bila jina) hakuchelewa. "Shosti, si uunge modeli kubwa ya lugha? Mistari ishirini tu. Angepata maneno ya maana." Ni kweli, bomba ni lilelile. Ujumbe unaingia kwa tarishi, badala ya kutafutwa kwenye jedwali unatumwa kwa modeli, jibu linarudi, unalituma kwa mtu. Kiswahili chake siku hizi kizuri, na salamu zote anazijua, nisingekesha na xaxa na cjui. Nikamwambia, kwanza yale maneno ya saa nane usiku yangeenda kukaa kwenye seva ya kampuni nyingine huko mbali, na mazungumzo na roboti kwenye Telegram hata sasa hayana ule usiri wa mwisho kwa mwisho, soga za siri ni za mtu na mtu tu. Pili, angejibiwa vizuri sana, na hakuna ambaye angepanda zile ghorofa mbili.

Rumeti akaninyamazia, halafu akauliza: "Na kama siku ile ungekuwa umelala?"

Mpaka leo hatujamaliza huo ubishi, tunauendeleza tukifua. Anasema najivunia kukesha kwangu kana kwamba ni huduma. Mimi nasema kitu kinachofariji lazima kiwe na mtu atakayeulizwa kesho yake. Anasema mtu anayezama haulizi kamba ni ya nani. CR yeye ana msimamo wa tatu: kisichoeleweka kifutwe hapo hapo, kisimfikie mtu, maana yeye alichaguliwa kwa ajili ya ratiba na si kwa ajili ya siri za watu, na akikutana na mwenye siri kwenye ngazi hajui aweke wapi macho. Simlaumu. Hata sheria iko upande wake kwa sehemu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na jambo moja inalosema ni kwamba taarifa za mtu uzikusanye kwa lengo ulilomtajia na usizikae nazo kuliko lengo linavyohitaji. Mimi lengo nilitaja ratiba.

Tulichofanya ni hiki. Kumbukumbu zote za nyuma nimefuta, CR akiwa amekaa pembeni anashuhudia. Chini ya kila jibu la Karani sasa kuna kitufe, "Nataka mtu". Ukibonyeza unapata ofisi ya mshauri, saa zake na mlango wake, na majina matano ya wanadarasa waliojitolea wenyewe, na yupi anakuwa macho usiku gani. Jina langu lipo Jumatano na Jumapili. Na Karani akipata asichokielewa hakipeleki popote mpaka aulize: "Hili silijui. Nimwonyeshe CR na mwenzake?" Ndiyo, Hapana. Ukisema Hapana kinafutika, na sisi tunabakiwa na hesabu tu.

Wiki iliyopita hesabu ilikuwa 19. Ndiyo 5, Hapana 14. Zile tano: tatu za mechi, moja ya viatu, moja anauliza Karani ana mchumba. Zile kumi na nne zimekwenda, ndivyo nilivyopanga mwenyewe, na kila nikiiona ile namba naangalia ziliingia saa ngapi. Tisa ni baada ya saa sita usiku. Kitufe cha "Nataka mtu" kimebonyezwa mara mbili tangu tukiweke, mara moja na CR akijaribu.

Rumeti kaona hesabu hiyo juu ya bega langu, hakusema kitu, kaendelea kukunja nguo.

UE zinakaribia, msitegemee ukurasa mpya mpaka nimalize. Mnaotaka nakala ya programu kwa ajili ya madarasa yenu njooni na flashi, nipo kantini karibu kila siku saa nane mchana, meza ya dirishani. Nawapa kila kitu pamoja na orodha ya xaxa na cjui. Tokeni kila mtu akaombe ya kwake kwa baba yao. Leo ni Jumatano, niko zamu.